Kiota Kisicho na Ndege

Kichwa kilianza kumuuma Kui siku chache tu baada ya kutoka hospitali na mtoto. Kufikia Ijumaa mchana alikuwa amelala chali katika chumba chao cha ghorofa ya pili, mtaa wa Umoja, pazia limefungwa, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Miguu ilikuwa imevimba hadi ndara hazikuingia. Alisema anaona vimulimuli pembeni mwa macho. Mama mkwe wake, Syombua, aliyekuja kutoka Kitui kumtunza mzazi na mjukuu, aliketi kando ya kitanda akamuuliza swali lililoamua jinsi mchana ule ungekwenda.

"Ulipofumua nywele, zile zilizotoka ulizipeleka wapi?"

Kui hakuzipeleka popote. Uchungu wa kuzaa ulimshika siku hiyo hiyo aliyofumua rasta na kusukwa matuta. Aliziacha chini, saluni, kwa Mama Maina.

Katika ploti za Umoja, yale majengo ya vyumba vya kupanga, imani hii haina kabila wala dini. Nywele ya mtu ikiokotwa na ndege ikatiwa kwenye kiota, kichwa cha mwenyewe kitauma kila ndege anapogeuka juu yake, na mwishowe mtu atarukwa na akili. Dawa ni kukitafuta kiota, kukishusha na kukichoma. Wapo wanaoicheka imani hiyo. Wanaoicheka nao huomba wafungiwe mabaki ya nywele zao wakimaliza kusukwa.

Syombua alikuwa na nyongeza yake: sindano isimguse mgonjwa kabla kiota hakijapatikana. Hakuisema kwa ukaidi. Mdogo wake alipelekwa hospitali na kichwa cha namna hii, akadungwa sindano, akarudishwa nyumbani ndani ya sanduku. Kiota kilikutwa baada ya mazishi, kwenye mchongoma nyuma ya jiko. Kisa hicho alikisimulia pale pale kitandani, na Kui akamshika mumewe mkono.

"Mbaluka, usinipeleke kabla hamjakipata. Niahidi."

Mbaluka, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, aliahidi. Kisha akateremka ngazi kwenda kutafuta.

Warigia, ambaye kila mtu humwita Mama Maina kwa jina la mwanawe, alikuwa akimsuka mteja aliposikia watu wamekusanyika mlangoni kwake. Saluni yake ni chumba cha mbele cha ghorofa ya chini. Nyuma ya pazia ndipo anapolala. Alijifunza kusuka akiwa msichana katika mtaa wa Huruma, kwenye kibaraza cha shangazi yake, na tangu mumewe alipoondoka bila kuaga ni vidole vyake vilivyomlisha na kumsomesha Maina. Ana utaratibu ambao wateja wake wanaujua: mteja akimaliza kusukwa, nywele zake zilizotoka kwenye kitana huzungushiwa kipande cha gazeti akakabidhiwa. Za asiyezitaka, Warigia huzichoma jioni kwenye jiko, mlango umefungwa. Biashara ya nywele husimama juu ya uaminifu huo. Mwanamke hamwachii mtu asiyemwamini kichwa chake.

Ndiyo maana alipotoka nje na kumwona Mbaluka akielekeza fimbo ya ufagio juu ya mlango wa saluni, alijua anayeshtakiwa ni yeye.

Kwenye pembe, pale zege la roshani ya juu lilipokutana na ukuta, palikuwa na kitu cha kijivu kilichobandikwa kama bakuli lililokatwa nusu. Manyoya yalichungulia ukingoni. Katikati ya manyoya hayo zilining'inia nyuzi nyeusi, ndefu, nyembamba.

"Mama Maina," Mbaluka alisema, bila kumtazama, "hii ni nini juu ya mlango wako?"

"Ni kiota."

"Naona ni kiota. Nauliza zile nyeusi ni nini."

Mteja aliyekuwa amesukwa upande mmoja alitoka na taulo mabegani, akatazama juu, akarudi ndani kuchukua mkoba wake.

Syombua alishuka polepole akishikilia ukuta. Amezaliwa na kuzeekea mashambani, na viota anavijua kama wengine wanavyojua sufuria zao. Alikitazama kitu kile kwa muda, akakunja macho yaliyoanza kufanya ukungu, akaanza kuhesabu kwa sauti ndege wasioweza kuwa wenye kiota hicho.

"Si kwera. Kwera husuka majani, tena kwenye mti. Si shomoro, shomoro huvuruga nyasi tu, hana adabu ya ujenzi. Kunguru hutumia vijiti na nyaya. Mbayuwayu hujenga kwa udongo, tope moja juu ya lingine. Hapa tope liko wapi?" Akamgeukia Warigia. "Wewe mama wa nywele, ndege wa hapa ni yupi?"

"Hukaa juu hewani, mama. Mchana humwoni."

"Wewe umemwona?"

"Jioni. Anakuja kama jiwe lililotupwa, anaingia, basi. Alfajiri ameshaondoka."

"Anatua wapi? Kwenye waya? Kwenye kamba ya nguo?"

"Hatui."

Mtu alicheka nyuma. "Ndege asiyetua anajenga vipi, maze? Anatuma fundi?"

Kicheko kilienea, kisha kikafa chenyewe, kwa sababu Syombua hakucheka.

"Kiota kisicho na ndege," alisema, "kimejengwa na mtu."

Ndege aliyekuwa akielezwa yupo, na kwa Kiswahili cha vitabu anaitwa teleka. Umoja humchanganya na mbayuwayu, ingawa hawana udugu. Miguu yake ni mifupi na dhaifu kiasi kwamba hawezi kusimama kwenye waya. Hung'ang'ania ukuta tu. Hula hewani na kunywa hewani, na vifaa vya ujenzi huvinasa hewani vikipeperushwa na upepo, kisha hubandika kipande kwa kipande kwa mate yake. Huko Kitui hujificha kwenye nyufa za majabali, ambako Syombua hakuwa na sababu ya kuchungulia. Mjini amepata majabali mapya, nayo ni ghorofa.

Warigia hakujua jina lake. Alijua tabia zake, kwa kuwa kila asubuhi ndiye aliyefagia kinyesi cheupe chini ya pembe ile. Aliwahi pia kumwona ndege akinasa unyoya uliopeperuka kutoka kwa wauza kuku wa sokoni, na nyuzi za pamba kutoka kwa fundi wa makochi ng'ambo ya barabara. Hakuwahi kumwona akiokota kitu chini.

"Huyu hashuki kwenye takataka," alisema. "Hawezi. Akianguka chini hata kuruka tena ni shida. Ngojeni jioni mtamwona kwa macho yenu. Saa moja hivi atakuwa hapa."

Lilikuwa pendekezo la haki, na watu kadhaa walitikisa kichwa. Jua lilikuwa bado juu ya paa za ng'ambo. Kwa Warigia, jioni ilikuwa ni suala la kusubiri tu: ndege angeingia mbele ya ploti nzima na jina lake lingesafishika bila yeye kufungua mdomo tena.

Wakati huo ndipo Khadro alipoteremka ngazi mbio, gauni lake la dira amelikunja mkononi.

Khadro ana duka la nguo, mlango wa pili kutoka saluni. Yeye na mumewe Magan huleta mashuka na madira kutoka soko la Isili kwa gari lao la mizigo. Alikuwa amepanda juu kumpelekea Kui uji.

"Ametapika," alisema. "Uji wote. Anasema hanioni vizuri. Nimesimama mbele yake ananiuliza, wewe ni nani? Mbaluka, gari la Magan liko hapo nje. Mchukue mkeo, twende."

Mbaluka alimtazama mama yake.

"Kwanza kiota," alisema Syombua.

"Mama, kwa Mungu, kiota kina miguu? Kitakimbia?"

"Mwanangu Khadro, wewe hukumzika mdogo wangu." Sauti ya mama ilikuwa chini. "Mnipeleke polisi mkitaka. Huyu hatadungwa nywele zake zikiwa juu pale."

"Twende tumbebe tu," Khadro alimwambia Mbaluka.

"Nilijaribu kabla sijashuka. Alishika chuma cha kitanda akapiga kelele. Anasema nimemwahidi."

Warigia alisikia maneno hayo yote akiwa na kitana mkononi. Katika miaka ya kusimama nyuma ya viti vya wanawake, mtu husikia mengi. Mteja wake mmoja, mkunga, aliwahi kumweleza huku akisukwa: mzazi akiumwa kichwa kisichosikia dawa, akaona vimulimuli, akavimba, hiyo ni presha, hata kama ameshajifungua, usimwache alale, mkimbize, kwa sababu kinachofuata ni kifafa. Warigia alikuwa ameyasikia wakati ule kama mtu anavyosikia taarifa ya hali ya hewa ya mji mwingine.

"Leteni ngazi," alisema. "Kishusheni. Nywele za Kui nitazijua mimi. Nimezishika tangu hajaolewa."

Hakusema hivyo kwa ujanja. Ukweli ni kwamba hakuwa na hakika. Siku ile Kui aliposhikwa na uchungu, saluni ilivurugika. Wateja walimsindikiza hadi barabarani, maji yakamwagika, mtu akakanyaga draya. Warigia alipojaribu kukumbuka kama aliwasha jiko jioni ile, hakukumbuka chochote. Naye hakuwa miongoni mwa wanaoicheka imani ile. Kama nywele za Kui zilikuwa pale juu, alitaka kuwa wa kwanza kujua.

Mbaluka alipanda, akakibandua kiota kwa patasi. Kilitoka kizima, kikavu, chepesi kama ganda la yai. Hakikuwa na yai wala kinda. Warigia alikipokea kwa viganja viwili.

Alikitenga kwa vidole, haraka, kama anavyotenga nywele za kusuka. Manyoya ya kuku. Pamba. Nyasi chache. Utepe wa karatasi ya nailoni. Na zile nyuzi nyeusi. Alizivuta moja moja, akazipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka shina kwenda ncha. Zilikuwa laini sana, na sawa sana. Hazikuwa na mkunjo. Lakini kulikuwa na uwezekano wa nywele za mtu kubanwa ndani zaidi, chini ya mate yaliyoganda.

"Kwenye mwanga," alisema, akaingia ndani. Khadro akamfuata.

Kwenye rafu ana mshumaa wa kuchomea ncha za rasta ili zisifumuke. Aliuwasha. Kila msusi anajua jaribio hili, na hulifanya wakati muuzaji anapoapa kwamba nywele anazouza ni za binadamu. Nywele ya mtu ikiguswa na moto hunuka kama pembe iliyoungua, kisha husagika kuwa jivu. Ya bandia hujikunja, huyeyuka, ikabaki tone gumu jeusi.

Uzi wa kwanza uliacha tone. Wa pili pia. Alichana kiota katikati, akavuta zilizokuwa ndani kabisa. Tone. Tone tena. Hapakuwa na harufu ya pembe. Ndani ya kiota kile hapakuwa na unywele hata mmoja wa mtu yeyote.

Warigia alifumba macho kwa nafuu. Alipoyafumbua, Khadro alikuwa ameinama juu ya matone yale mezani.

"Ni rasta za bandia," Khadro alinong'ona. "Alhamdulillahi. Toka ukawaambie."

Kutoka juu ilisikika sauti ya Kui, si neno, mkoromo mrefu wa mtu anayetapika bila kitu tumboni. Nje Syombua alikuwa akimwambia mwanawe: kama si hiki, basi kuna kingine. Wazunguke nyuma ya matangi, wapande paa, waende hata ploti ya jirani. Kitapatikana. Kama ni hadi kesho, ni hadi kesho.

Warigia aliyafagia yale matone kwa ukingo wa kiganja, yakaanguka kwenye ndoo.

"Nikiwaambia ukweli wataanza kutafuta kingine," alisema.

"Unafanya nini? Warigia. Wewe!"

Alikuwa ameshatoka. Alikikusanya kiota kilichochanika kwenye kiganja kimoja, akasimama kizingitini mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Ni zake," alisema.

Alikiinua kiganja juu kidogo.

"Ni nywele za Kui. Sikuzichoma. Zilinitoroka siku ile ya vurugu. Kosa ni langu. Mama, zipo hapa zote, hazijabaki nyingine mahali. Zichome sasa hivi, aone moshi, kisha apande gari."

Syombua alikuja karibu. Hakukipokea kiota mara moja. Kwanza alimtazama Warigia usoni, muda mrefu kuliko alivyotazama kiota.

"Unaapa?"

"Naapa kwa Maina wangu."

Jiko liliwashwa ngazini, chini ya dirisha la Kui, na pazia likafunguliwa ili aone. Mbaluka alimweleza kwa sauti ya juu kila kilichokuwa kikitendeka. Kiota kiliwaka mara moja, kwa harufu kali ya nailoni, ambayo Khadro aliifunika kwa kutupia kipande cha ubani kwenye makaa bila kumtazama mtu. Kui aliachilia chuma cha kitanda. Walimshusha wakiwa wamembeba kwenye shuka, mtoto akiwa mikononi mwa bibi yake. Alipopitishwa mbele ya saluni, mwanamke mmoja alimwambia Warigia asikike vizuri: "Mchawi ni mchawi tu, hata akikiri."

Degedege ilimpata mlangoni pa hospitali, kabla hajashushwa garini. Presha yake, walipoipima, ilimfanya muuguzi aite mwenzake kwa sauti. Walimtia dawa mishipani, wakamlaza chumba cha uangalizi. Daktari alimwambia Mbaluka kwamba kama wangekawia hadi jioni, angewapokea kwa maneno mengine. Kui alirudi nyumbani baada ya kama wiki, amekonda, anaona vizuri, anamnyonyesha mtoto.

Saluni ya Warigia ilikufa bila kelele. Hakuna aliyekuja kumtukana tena. Walipita tu, wengine wakivuka upande wa pili wa barabara wakiwa na nywele zao zilizofumuliwa chini ya kitambaa. Waliobaki ni wasichana wa mbali wasiojua kisa. Mwenye nyumba alimtuma mtu amwambie kwamba chumba kile huenda kikahitajika mwisho wa mwezi. Warigia alianza kusuka nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Fedha, akibeba vitana kwenye mfuko.

Jioni, kabla ya giza, ndege alikuja, akazunguka mbele ya pembe tupu, akapiga kifua ukutani, akaondoka. Alifanya hivyo jioni kadhaa. Hakuna aliyemtazama isipokuwa Warigia.

Aliyemsumbua hasa ni Khadro.

"Sasa amepona. Sema kweli."

"Nani ataamini? Nimeapa mbele yao."

"Si kwa ajili yako, mwanamke. Sikiliza. Hibaq, wifi yangu, yuko pale juu na tumbo la miezi saba. Jana namsikia anaongea na mama yake Mbaluka kwenye ngazi. Unajua mama anamwambia nini? Ukijifungua ukaumwa kichwa, usikimbilie hospitali, kwanza tafuteni kiota. Angalia Kui, kilipochomwa tu, akapona. Umemwokoa mmoja, Warigia, na umewapa ushahidi wa kuwaua wengine."

Usiku huo Warigia hakulala vizuri, na asubuhi, badala ya kwenda Fedha, alipanda ngazi.

Kui alikuwa peke yake na mtoto. Syombua alikuwa amekwenda sokoni. Kui alishtuka kumwona Warigia, na mkono wake ukaenda kichwani bila yeye kujua, kuvuta kitambaa.

"Sikuja kukusuka," Warigia alisema. "Nimekuja kukwambia kitu, kisha nitatoka. Zile hazikuwa nywele zako. Zilikuwa rasta za bandia. Nilizichoma kwenye mshumaa, Khadro aliona. Nilisema ni zako ili ukubali kupanda gari."

Kui alimbadilisha mtoto ziwa.

"Uliapa kwa Maina."

"Niliapa."

"Kwa uongo."

"Ndiyo."

"Auntie, mimi nilihisi." Kui aligusa paji la uso. "Moshi ulipopanda dirishani, hapa palifunguka. Usiniambie sikuhisi. Nilikuwa mimi kwenye kile kitanda, hukuwa wewe."

"Sikatai ulihisi. Lakini ulipofika kule ulianguka kifafa. Kiota kilikuwa kimeshakuwa jivu, Kui, na bado ulianguka. Mbaluka hakukuambia?"

Mbaluka hakumwambia. Hakuna aliyemwambia. Kui aliutazama mlango, kama kwamba mtu aliyemficha jambo hilo angeingia sasa hivi.

"Nilianguka?"

"Mlangoni pa hospitali. Walikushika watu wanne. Kilichokurudisha ni ile dawa."

Warigia alisubiri kufukuzwa. Alikuwa ameshauweka mkono kwenye kitasa.

"Sitamwambia mama kwamba imani yake ni uongo," Kui alisema hatimaye. "Alimzika mdogo wake. Na mimi bado siamini yote unayosema, auntie, nikwambie ukweli. Labda ni dawa, labda ni moshi, labda vyote."

"Sawa."

"Lakini Hibaq nitamwambia leo. Akiumwa kichwa apande gari kwanza, adungwe wanachotaka kumdunga. Kiota wakitafute akiwa ameshafika huko, wakitaka. Na mama nitamwambia hivyo hivyo, mbele ya Mbaluka, kwamba mimi mwenyewe nilianguka kiota kikiwa jivu." Alimwinua mtoto begani. "Jina lako sijui kama nitaweza kulisafisha. Watu wameshalitafuna."

"Anza na Hibaq," Warigia alisema, akateremka kwenda Fedha, alikokuwa akisubiriwa na kichwa cha kufumuliwa.